"Haishiki kutu" siyo "haina sumu": soma hii kabla hujauza kifaa cha akwaria ya maji chumvi

Leo nawaletea somo ambalo mimi ada yake nilishailipa, nyie mlisome bure.

Mteja aliniandikia WhatsApp saa nne usiku: "Dada, samahani kwa usumbufu. Ile koki uliyoniuzia imetengenezwa kwa nini haswa?" Moyo ukanilipuka. Mteja akikuuliza swali kama hilo wiki tatu baada ya kupokea mzigo, ujue kuna jambo. Nikampigia hapo hapo.

Kaka wa watu hakunitukana. Alinisimulia taratibu tu. Ana akwaria ya lita 300 sebuleni, ya maji chumvi, kaijenga kwa miaka miwili. Samaki wake wote wazima, wanakula vizuri. Lakini kamba wawili wanaosafisha samaki wamekufa ndani ya siku moja. Konokono wamedondoka kwenye kioo, wamelala chini hawajigusi. Anemoni imesinyaa kama kitambaa kilicholoa. Akapima maji kila kitu, akapima na shaba. Shaba ipo. Akakaa akawaza, kitu kipya kilichoingia kwenye mfumo wake ni kimoja tu: koki yangu ya shilingi 12,000, ile ya rangi ya dhahabu ambayo mafundi bomba wanaiita brasi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliniuliza kabla ya kununua. Nilirudi kwenye meseji nikajisoma mwenyewe. Yeye: "Inafaa kwa akwaria?" Mimi: "Inafaa kabisa kaka, hiyo haishiki kutu mpaka mjukuu wako anaoa." Na kweli haikushika kutu. Ilitoka kwenye maji inang'aa vile vile.

Hapo ndipo nilipojua nimekuwa nikichanganya mambo mawili. Kutu ni habari ya kifaa: kitadumu au hakitadumu. Sumu ni habari ya maji: nini kinatoka kwenye kifaa na kuingia mle wanamoishi viumbe. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Kwenye maji chumvi vyote viwili vinatoka kidogo kidogo, huoni rangi, huoni uchafu, husikii harufu. Anayekuja kukuambia ni kamba aliyekufa.

Tangu siku ile nimekaa chini nikajifunza bidhaa moja moja. Haya ndiyo ninayoyazingatia kabla sijaposti kitu chochote cha akwaria.

KWANZA: MAJI CHUMVI SIYO MAJI BARIDI YENYE CHUMVI TU

Kwa wageni wa biashara hii: tukisema maji baridi hatusemi ya friji. Ni maji yasiyo na chumvi, ya mtoni, ziwani na bombani. Akwaria nyingi za majumbani ni za maji baridi. Za maji chumvi ni chache, lakini wenye nazo hutumia hela nyingi, na wakikuamini wanarudi kila mwezi.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni kloridi, na kloridi ni adui wa vyuma. Vyuma vingi vinajilinda kwa utando mwembamba juu yake, kloridi inautoboa ule utando. Halafu maji chumvi yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo vyuma viwili tofauti vikigusana ndani yake vinakuwa kama betri, kimoja kinaliwa haraka kuliko kawaida. Ndiyo maana kifaa kilichokaa miaka mitano kwenye maji baridi bila shida kinaweza kuharibika kwenye maji chumvi ndani ya mwezi.

La pili, wakazi wenyewe ni tofauti. Kwenye maji chumvi watu wanafuga matumbawe, anemoni, kamba, kaa na konokono. Hawa wote hawana uti wa mgongo, na shaba ni sumu kali kwao. Kuna dawa za samaki wa baharini wenye ugonjwa wa madoa meupe ambazo zimetengenezwa kwa shaba. Kipimo ambacho samaki anakivumilia akapona ndicho kinachomuua kamba. Sasa unaelewa kwa nini samaki wa mteja wangu walikuwa wazima. Ukisikia mteja anasema "samaki hawana shida ila kamba na konokono wamekwisha", swali la kwanza muulize chuma gani kimeingia kwenye maji.

PILI: VYUMA

Shaba, brasi na shaba ya sanamu: usiuze kwa ajili ya maji chumvi. Hakuna cha "kidogo tu". Hii ni pamoja na koki, viungio vya mabomba, na nati ndogo zilizojificha ndani ya kifaa cha plastiki.

Chuma chenye zinki juu yake, yaani familia ya mabati, waya wa kufungia na skrubu zinazong'aa za dukani: hapana. Zinki nayo inatoka, na baada ya zinki kuisha kutu inaanza.

Alumini: hapana. Maji chumvi yanaila, utaona unga mweupe.

Stenlesi: hapa ndipo wengi tunapoteleza, maana neno lenyewe linatupa moyo. Stenlesi ziko za aina nyingi. Ile ya vijiko na sufuria, namba 304, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, ndiyo maana vijiko vingine vimegongwa 18/8. Kwenye maji chumvi inaweza kutoboka, hasa kwenye vijishimo na chini ya nati ambapo maji yametulia. Namba 316 imeongezewa molibidenamu asilimia 2 hadi 3, inavumilia zaidi, lakini nayo siyo ya kuzamisha ukaisahau. Mimi stenlesi 316 naiuza kwa vifaa vya kuingia na kutoka, kama mkasi na koleo la kushikia matumbawe, na namwambia mteja asuuze kwa maji baridi na kukausha kila akimaliza.

Titani: hii ndiyo chuma ninayoiuza bila wasiwasi kwa kuzamisha. Bei yake iko juu, lakini ina sababu.

TATU: SUMAKU

Bidhaa inayouzika sana ni sumaku ya kusafishia kioo. Mtu anaweka kipande kimoja ndani na kingine nje, anasugua ukungu bila kulowa mkono. Sumaku zile zenye nguvu zimetengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni, na nyingi zimepakwa nikeli na shaba juu. Ukiweka wazi kwenye maji chumvi inaoza haraka mpaka inavimba na kupasuka.

Kwa hiyo anachokilipia mteja ni lile ganda la plastiki au epoksi linaloifunika sumaku. Kagua maungio. Ukiona ufa, au ganda limefungwa kwa gundi iliyoachia pembeni, usiuze. Na mwambie mteja: siku akiona doa la kahawia ndani ya ganda, aitoe siku hiyo hiyo, asingoje wikiendi.

Hapa hapa tuongelee pampu. Pampu nzuri ya maji chumvi ina mhimili wa seramiki. Za bei ya chini nyingine zina mhimili wa chuma. Ifungue moja kwenye stoku yako uangalie kwa macho yako. Ni kazi ya dakika mbili, mara nyingi haihitaji hata bisibisi.

NNE: PLASTIKI

Habari njema: plastiki nyingi ngumu ni salama, na nyingi zina namba ndani ya ile pembetatu ya mishale chini ya kifaa. Namba 2 na namba 5, zile za madumu na vyombo vya chakula, ni nzuri. Akriliki na polikaboneti ni nzuri pia. Mabomba magumu ya PVC ya maji ya kunywa yanatumika kwenye akwaria dunia nzima.

Tatizo linaanza plastiki inapokuwa laini. PVC yenyewe ni ngumu. Ili iwe mpira laini inawekewa kemikali za kulainisha, na kemikali hizo zinatoka. Mpira wa kumwagilia bustani una hizo, na mingine ina dawa ya kuzuia ukungu. Mteja wa akwaria akitaka mpira, muuzie wa silikoni, au ule uliotengenezwa kwa ajili ya chakula wenye alama ya glasi na uma.

Klipu za kubania mpira ni mtego mwingine. Bendi imeandikwa stenlesi, lakini ile skrubu ya kukazia ni chuma cha kawaida. Uza klipu za plastiki, au kamba zile za nailoni za kukaza na kukata.

Mapambo: maua ya plastiki mengi yana waya ndani ya shina ili yasimame, na mengine yana kipande cha risasi chini ili yazame. Chukua moja, likate. Ukikuta waya, hilo ni la sebuleni kwenye chombo cha maua. Na sanamu za kupaka rangi, kwangua kwa kucha. Rangi ikitoka kwa kucha, na maji yataitoa.

Ndoo: jamani, ndoo ya rangi iliyooshwa bado ni ndoo ya rangi. Najua zinapatikana kwa bei nzuri na zina mifuniko. Lakini plastiki inanyonya, na sabuni na rangi havitoki vyote. Mwenye akwaria anachanganyia chumvi yake humo humo. Muuzie ndoo mpya, au iliyobeba chakula peke yake.

TANO: GUNDI NA SILIKONI

Silikoni inayofaa ni ile ya asilimia mia moja isiyowekewa dawa ya ukungu. Ile inayotoa harufu ya siki wakati inakauka kwa kawaida haina tatizo, harufu inaisha yenyewe. Tatizo ni silikoni za jikoni na bafuni. Zinasifiwa kwamba haziotwi na ukungu mweusi, na sababu ni sumu iliyomo ndani yake. Soma tyubu yote, mbele na nyuma. Ukikuta maneno kama "mould", "mildew" au "fungicide", hiyo ni ya bafuni.

Mteja akishapaka, mwambie aiache siku 7 kabla ya kujaza maji. Juu inakauka mapema, ndani bado.

Gundi ya supagluu ya mgando inatumika sana kubandikia vipande vya matumbawe kwenye mawe, na epoksi ya kuchanganya sehemu mbili inafaa ikishakauka kabisa. Epoksi za kurekebishia magari ziache, nyingi zina unga wa chuma ndani.

SITA: MAWE, MCHANGA NA MAKOMBE

Jiwe la chokaa linafaa kwa maji chumvi. Lidondoshee siki, likitoa mapovu lina chokaa. Mwenye maji baridi anaweza kulikataa kwa sababu linapandisha pH, lakini maji ya bahari pH yake ni kama 8.1 hadi 8.4. Ila kumbuka siki inakuambia kuhusu chokaa tu. Haikuambii kama jiwe lina madini. Ukiona mishipa inayong'aa au madoa ya kutu, liache jiwe hilo.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini wenzangu wa pwani. Usiende baharini kuvunja tumbawe ukaliposti "natural decor". Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yakiwa hai au mafu. Farasi wa baharini wamo pia, na yale makombe makubwa kabisa ya jamii ya Tridacna. Kuyavusha mpaka bila kibali ni kesi, na sheria za nchi yako za uvuvi na hifadhi nazo zipo. Kabla hujauza kitu chochote kilichotoka baharini, pita ofisi ya uvuvi ya eneo lako uulize. Kuuliza hakulipiwi.

SABA: MITUMBA NA STOO YAKO

Kama unauza akwaria zilizotumika, muulize mwenye nayo: "Uliwahi kutia dawa ya shaba?" Mawe na mchanga vinanyonya shaba na kuitoa baadaye taratibu. Kama jibu ni ndiyo, au hajui, uza kioo, lakini mawe na mchanga usiviuze kwa mtu wa matumbawe.

Halafu stoo. Wengi wetu stoo ni chumba cha nyuma au chini ya kitanda. Jioni tunapuliza dawa ya mbu, au ya mende. Dawa hizo zimeundwa kuua wadudu, na kamba na kaa kwenye ukoo wa viumbe wako karibu na wadudu. Sponji ya chujio iliyokaa wazi inanyonya ile dawa. Vifaa vya akwaria viwe kwenye kontena lenye mfuniko, mbali na sabuni, manukato na dawa. Na sponji ya kuoshea vyombo usiiuze kama sponji ya chujio, nyingine zimetiwa dawa ya kuua bakteria, na chujio linaishi kwa bakteria.

KIPIMO CHA CHUPA

Kila mzigo mpya ukiingia, natoa kipande kimoja nakitoa sadaka. Utaratibu ni huu:

1. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, isafishe bila sabuni.
2. Weka lita moja ya maji safi na vijiko viwili vikubwa vya chumvi ya kawaida, vilivyosawazishwa. Hiyo inakaribia gramu 35.
3. Weka kifaa, sehemu kidogo ibaki juu ya maji. Pale maji yanapokutana na hewa ndipo uozo unapenda kuanzia.
4. Acha siku 14. Piga picha kila siku mbili.

Ukiona kahawia, kijani, bluu, unga mweupe, mafuta juu ya maji, povu, rangi inayobanduka au harufu, bidhaa hiyo haiendi kwenye maji chumvi. Sumaku ya kawaida nayo inasaidia: ipitishe juu ya kifaa, ikivuta mahali pasipotakiwa kuwa na chuma, umepata skrubu iliyofichwa.

Lakini kuna jambo moja lazima ulielewe. Kipimo hiki kinaweza kuikataa bidhaa, hakiwezi kuipitisha. Koki yangu ya brasi ingeweza kukaa siku 14 inang'aa. Sumaku isingeivuta pia. Kitakachokuokoa na brasi ni kujua kwamba ni brasi, na hilo linatoka kwa aliyekuuzia.

ULIZA HIVI, ANDIKA HIVI

Sapulaya ukimuuliza "ni salama?" atajibu ndiyo. Mimi mwenyewe nilimjibu mteja wangu ndiyo. Muulize: "Kila sehemu imetengenezwa kwa nini? Skrubu? Springi? Mhimili? Sumaku imefunikwa na nini?" Akikwepa, umeshapata jibu.

Mteja naye muulize maswali mawili kabla ya kupokea hela: "Akwaria yako ni ya maji baridi au maji chumvi? Kuna matumbawe, kamba au konokono?"

Na kwenye tangazo, badala ya "quality ya uhakika bosi", andika kitu kama hiki:

"Klipu ya kubania mpira. Nyenzo: nailoni tupu, skrubu ni nailoni pia. Inafaa maji baridi na maji chumvi."

Au: "Koki ya brasi, nusu inchi. Kwa bomba la bustani na la nyumbani. Usitumie kwenye akwaria."

Utaogopa kwamba ule mstari wa mwisho unafukuza wateja. Unafukuza wale ambao wangekupigia saa nne usiku.

ILIVYOISHIA

Nilimrudishia yule kaka 12,000 yake usiku ule ule, pamoja na nauli ya bodaboda. Kamba na anemoni sikuweza kumrudishia. Alitoa koki, akabadilisha sehemu kubwa ya maji mara kadhaa, akaweka kaboni ya kuchujia. Mawe yake yalikuwa yameshanywa shaba, akayaondoa yote. Miaka miwili ya kazi hiyo.

Baada ya kama miezi minne aliniandikia tena. Nikafungua meseji kwa woga. Alikuwa anataka pampu. Ameweka na swali chini yake: "Dada, mhimili wake ni wa nini?"

Nilikuwa nimeshaifungua. Nikamtumia picha ya mhimili, mweupe, wa seramiki. Akalipia bila kupunguza hata mia.

Ihifadhi hii posti, na mtumie muuzaji mwenzako wa vifaa vya akwaria kabla hajafungua mzigo wake unaofuata.